Mabua, magunzi na makapi ya mkonge: tuanze na vimeng'enya kabla ya mafuta ya magari

Mwanakemia wa Tanga (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Mara kwa mara humu hujitokeza mada inayosema kwamba mabaki ya mazao tunayoyachoma moto mashambani yangeweza kuwa mafuta ya kuendeshea magari, na kwamba kinachotukwamisha ni uzembe tu. Nimefanya kazi na mabaki hayo kwa miaka kadhaa, kwanza chuoni na baadaye katika maabara ndogo ya kiwanda, na ninaikubali nusu ya hoja hiyo. Ndani ya bua la mhindi mna sukari nyingi, hilo halina ubishi. Ninachokipinga ni dhana kwamba njia iliyo karibu nasi ya kuitumia sukari hiyo ni kuigeuza ethanoli (pombe) ya kuchanganya na petroli. Ninaamini, na nitajitahidi kuonyesha kwa hesabu, kwamba kwa nchi zetu bidhaa ya kwanza ya mabaki haya inapaswa kuwa vimeng'enya vyenyewe, yaani protini ambazo vijidudu huzitengeneza ili kuyakata mabaki hayo na kuiachilia sukari.

Bua kavu la mhindi lina selulosi takriban asilimia 35, hemiselulosi kati ya asilimia 20 na 25, na lignini zaidi ya asilimia 15. Selulosi ni mnyororo wa glukosi, ileile iliyomo katika wanga wa ugali, isipokuwa vifungo vinavyoziunganisha glukosi hizo vina mkao mwingine, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayofanya tumbo la binadamu lishindwe kuvikata. Aliyewahi kujenga nyumba ya miti na udongo atauelewa mpangilio wake bila shida: selulosi ni nguzo, hemiselulosi ni fito zilizofungwa juu yake, na lignini ni udongo uliokandikwa. Huwezi kuzifikia nguzo kabla hujaubandua udongo.

Kwa hiyo kazi huanza na matayarisho, na hapa ndipo gharama kubwa ilipo. Njia iliyoenea viwandani ni ya mvuke. Mabua yaliyokatwakatwa huingizwa katika chombo cha chuma kinachohimili shinikizo, hupikwa kwa mvuke wa nyuzijoto 160 hadi 220 kwa dakika chache, kisha vali hufunguliwa ghafla. Maji yaliyojipenyeza katika nyuzinyuzi hugeuka mvuke papo hapo na kuzipasua kutoka ndani. Kinachotoka ni tope la kahawia, laini vidoleni, lenye harufu kali ya siki, kwa sababu asidi asetiki iliyokuwa imeshikamana na hemiselulosi imeachiliwa. Wengine hutumia asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, wengine kostiki soda au amonia. Kila njia ina hatari yake, lakini iliyo kubwa zaidi katika joto na asidi ni kuzidisha muda, kwa kuwa sukari ya hemiselulosi ikipikwa kupita kiasi hugeuka furfurali, na furfurali huidhoofisha hamira utakayoitegemea baadaye.

Baada ya hapo vimeng'enya huingia kazini. Kundi la kwanza hukata mnyororo wa selulosi katikati, kundi la pili hutafuna kutoka miishoni na kuacha vipande vya glukosi mbili mbili, na la tatu huvitenganisha vipande hivyo kuwa glukosi moja moja. Mwaka 2010 watafiti wa Norwe walionyesha kundi jingine, ambalo hutumia oksijeni kuzichubua sehemu zilizosongamana, na ugunduzi huo uliongeza sana ufanisi wa michanganyiko inayouzwa leo. Vyote hufanya kazi vizuri kwenye nyuzijoto 50 hivi na pH (kipimo cha uasidi) ya karibu 5.

Chanzo kikuu cha vimeng'enya hivyo ni kuvu iitwayo Trichoderma reesei. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mahema na sare za jeshi la Marekani zilikuwa zikioza kwa kasi katika visiwa vya Solomon, na mwaka 1944 kuvu hiyo ilitengwa kutoka kisiwa cha Bougainville. Elwyn Reese na Mary Mandels waliichunguza kwa miaka mingi katika maabara ya jeshi huko Natick, Massachusetts, na kuvu ikapewa jina la Reese. Aina zinazotumika viwandani leo ni vizazi vya kuvu hiyo moja iliyokuwa ikila hema.

Sasa hesabu. Tani moja ya mabua makavu yenye selulosi kilo 350 hutoa, kwa nadharia, glukosi kilo 389, kwa sababu kila kifungo kinachokatwa hupokea molekuli moja ya maji na uzito huongezeka. Hamira hugeuza glukosi kuwa ethanoli isiyozidi asilimia 51 ya uzito wake. Sehemu iliyobaki hutoka kama hewa ya ukaa. Tunapata kilo 199, yaani lita 252. Tukiongeza sukari ya hemiselulosi, ambayo kwa kiasi kikubwa ni sailosi, nadharia hukaribia lita 400. Usanifu wa kiwanda uliochapishwa na NREL, maabara ya taifa ya nishati jadidifu ya Marekani, mwaka 2011 ulikadiria lita 330 hivi kwa tani. Ikumbukwe kwamba lita ya ethanoli ina nishati ya theluthi mbili tu ya lita ya petroli, na kwamba hamira ya kawaida ya mkate haili sailosi kabisa. Ili kuifundisha kuila, watafiti wa Delft, Uholanzi, walihamishia ndani yake jeni ya kuvu iliyotengwa kutoka kinyesi cha tembo.

Usanifu huohuo ulichukulia kwamba zinahitajika miligramu 20 za protini ya vimeng'enya kwa kila gramu ya selulosi. Kwa tani yetu hiyo ni kilo 7 za protini. Mwenye kiwanda cha ethanoli ya mabua ni mnunuzi mkubwa wa vimeng'enya kabla hajawa muuzaji wa chochote, na asipovitengeneza mwenyewe atavinunua nje kwa fedha za kigeni. Huo ndio msingi wa hoja yangu.

Waliotutangulia wamelipia somo hili. Kiwanda cha Emmetsburg, Iowa, kilifunguliwa mwaka 2014 na uzalishaji wake wa ethanoli ya mabua ukasimamishwa mwaka 2019. Cha DuPont katika mji wa Nevada, Iowa, kilifunguliwa mwaka 2015, na Novemba 2017 kampuni ikatangaza kujiondoa na kukiuza. Cha Hugoton, Kansas, kiliingia katika ufilisi wa kampuni mama mwaka 2016. Romania, kiwanda kilichojengwa Podari kutumia mabua ya ngano kilitangazwa kufungwa Desemba 2023. Hawa hawakushindwa kemia. Walisumbuliwa na mchanga na udongo uliokuja na marobota ukasaga vyuma na kuziba mitambo, na bei ya mafuta ghafi ilianza kuporomoka mwaka 2014, wa kwanza wao walipokuwa wakizindua. Wahandisi waliokuwa wamezoea punje za mahindi, zinazotiririka zenyewe kwenye mabomba, walikabidhiwa mabua ambayo hayatiririki.

Nakaribisha maswali na pingamizi.

---

Mfugaji wa Mbarali

Mkuu, nashukuru kwa maelezo, lakini nina neno juu ya chanzo cha malighafi. Ninyi wa maabara mnayaita mabaki, sisi tunayaita chakula cha ng'ombe. Baada ya mavuno ya mpunga, mifugo huingia mashambani, na mwezi wa tisa na wa kumi, nyasi za asili zinapokuwa zimekauka, hayo ndiyo maisha yao. Anayesema yanatupwa aje aone. Hata majirani wanaochoma moto, wengi huchoma kwa sababu hawana ng'ombe wala mkokoteni wa kuyabeba.

---

Mwanakemia wa Tanga

Ndugu Mfugaji, hoja yako ni nzito, na ni sababu nyingine ya kuogopa mipango mikubwa ya mafuta. Tuchukue kiwanda cha Panipat, India, kilichozinduliwa Agosti 2022. Kimesanifiwa kutumia tani 200,000 za mabua ya mpunga kwa mwaka na kutoa lita milioni 30 za ethanoli. Ukigawanya, ni takriban tani 550 kila siku, yaani malori 55 ya tani kumi yakiingia getini kila siku, msimu na usio msimu, na yanayobaki yahifadhiwe bila kunyeshewa wala kushika moto. Wakulima wetu wadogo wakikubali kutoa tani moja kwa hekta, na nyingine zibaki kulisha mifugo na kurutubisha udongo, kiwanda kama hicho kingehitaji hekta 200,000. Hakuna skimu yetu moja ya mpunga yenye ukubwa huo, na mabua yaliyolegea ni mepesi mno, hayafiki kilo 100 kwa mita ya ujazo, hivyo lori hujaa kabla halijabeba uzito wa maana.

Vimeng'enya havidai hivyo. Karakana inayotumia gunia chache za magunzi na pumba kwa wiki inaweza kuwa na bidhaa ya kuuza, na haitamnyima ng'ombe wako mlo. Tena magunzi yana faida nyingine: yamekwisha kusanywa. Mahindi yakipukuchuliwa, rundo hubaki penye mashine. Hali kadhalika pumba za mashine za kukoboa, na makapi ya mkonge yanayorundikana kwenye korona (mashine za kutenganisha nyuzi za mkonge). Malighafi ya kwanza ya kuiangalia ni ile ambayo mtu mwingine amekwisha kugharimia usafiri wake.

---

Boila Namba Tatu

Nimefanya kazi katika kiwanda cha sukari kwa muda mrefu, kwa hiyo naomba niongezee upande wa miwa. Makapi ya miwa yanayotoka kwenye kinu, ambayo nusu ya uzito wake ni maji, si taka. Ndiyo kuni yetu. Yanachemsha boila, boila linazungusha mtambo wa umeme, na mvuke unaobaki unapika sukari. Ukiyachukua, utatulazimisha kununua mafuta mazito. Ziada ipo, lakini hutegemea boila ni la zamani au jipya.

Jambo la pili, ethanoli ya molasi, ile rojo nyeusi inayobaki baada ya kutengeneza sukari, tunayo tayari. Kenya ilichanganya ethanoli na petroli miaka ya 1980, Malawi imekuwa ikitengeneza Dwangwa tangu 1982, na Kilombero kuna mtambo wa ethanoli tangu 2013. Molasi haihitaji kulipuliwa kwa mvuke wala kimeng'enya. Unaizimua kwa maji, unatia hamira. Kwa nini mtu mwenye akili timamu aanze na mabua?

---

Mwanakemia wa Tanga

Mkuu Boila, umelieleza vizuri kuliko mimi. Molasi ni sukari iliyokwisha kuachiliwa, na maadamu ipo, ethanoli ya mabua itashindana na jirani asiye na gharama za matayarisho. Ndiyo maana mitambo ya Brazili iliyojaribu makapi, ule wa Raízen karibu na Piracicaba ukiwa mmojawapo, ilijengwa ubavuni mwa kiwanda cha miwa ambako mvuke, umeme na makapi vilikuwepo tayari.

Kwa upande wa vimeng'enya, hali hugeuka. Trichoderma haitoi selulasi (vimeng'enya vya kukata selulosi) kwa wingi ikiwa imezungukwa na glukosi. Ikishiba sukari rahisi, inafunga kiwanda chake. Hutoa vimeng'enya inapokutana na selulosi yenyewe na kulazimika kuikata ili ile. Bua, ambalo kwa mtengeneza ethanoli ni kikwazo, kwa mtengeneza vimeng'enya ni chakula na amri ya kazi kwa wakati mmoja. Aina iitwayo Rut-C30, iliyopatikana kwa kuibadilisha kuvu ya Bougainville kwa mionzi na kemikali katika Chuo Kikuu cha Rutgers, ililegezewa kizuizi hicho cha glukosi, lakini hata hiyo huhitaji kichocheo.

Wala si fikra mpya. Mwaka 1894 Mjapani Jokichi Takamine alipata hataza nchini Marekani ya kutengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga kwa kuotesha kuvu ya koji juu ya pumba za ngano. Pumba, maji, joto la wastani na usafi: hiyo ndiyo teknolojia iliyoanzisha biashara ya vimeng'enya vya vijidudu.

---

Mwea_Kirinyaga

Salamu kutoka Kenya. Kwetu Mwea mabua ya mpunga hufungwa marobota na kuuzwa kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, kwa hiyo namuunga mkono ndugu wa Mbarali. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya pili na ningependa kujua mambo mawili. Kwanza, mtu aliye na maabara ya kawaida ya chuo, bila mitambo ya kisasa, anaanzaje? Pili, atamuuzia nani? Nimewaona wengi wakitengeneza bidhaa nzuri ambazo mwisho wake ni kwenye jokofu la idara.

---

Mwanakemia wa Tanga

Ndugu wa Mwea, nitajibu kwa urefu kwa sababu hapa ndipo penye kazi yenyewe.

Chukua magunzi yaliyosagwa hadi kuwa chenga za milimita mbili au tatu. Unga laini haufai kwa sababu hugandamana na kuizuia hewa. Changanya na pumba za ngano, ambazo huipa kuvu naitrojeni, kisha lowanisha kwa maji yenye chumvichumvi za amonia na fosfeti hadi unyevu ufike asilimia 60 au zaidi kidogo. Kipimo cha mkono ni kwamba ukilifinya fumba, libaki limeshikana bila kudondosha tone. Fukiza katika otoklevu (chungu cha mvuke wa shinikizo cha kuulia vijidudu), acha lipoe kabisa, tia mbegu za kuvu, kisha tandaza kwenye sinia kwa unene usiozidi sentimita tano na uweke katika nyuzijoto 28 hadi 30. Unene huo si wa kupuuzwa. Kuvu inapokua hutoa joto lake yenyewe, na katikati ya tabaka nene joto hupanda hadi kuidhuru. Ukiingiza kidole katikati ya sinia ukahisi vuguvugu kuliko pembeni, umechelewa kulipunguza.

Kwanza utaona utando mweupe, kisha madoa ya kijani yatajitokeza. Kijani ni vumbi la mbegu, na huvutia macho, lakini mavuno ya vimeng'enya hupimwa, hayakadiriwi kwa rangi. Kwa kawaida kilele huja kati ya siku ya nne na ya saba. Loweka katika maji yenye pH ya 5 hivi, tikisa, chuja kwa kitambaa. Majimaji yanayotoka ndiyo bidhaa ghafi. Vaa barakoa, maana vumbi hilo si la kuvutwa.

Kupima nguvu yake hakuhitaji mashine ya bei mbaya. Njia iliyokubalika kimataifa tangu 1987 hutumia kipande cha karatasi ya kuchujia ya Whatman namba 1, upana sentimita moja na urefu sita, ambacho uzito wake ni miligramu 50. Unakiviringisha ndani ya neli ya majaribio, unatia kimeng'enya chako kilichozimuliwa, unakiacha kwenye maji ya nyuzijoto 50 kwa dakika 60 kamili. Kisha unatia kitendanishi cha DNS, kemikali ya manjano ya kupimia sukari, na kuchemsha kwa dakika tano. Palipo na sukari rangi hugeuka hadi wekundu wa kahawia, na kadiri ilivyokoza ndivyo karatasi ilivyoliwa zaidi. Kwa kuilinganisha na glukosi yenye kipimo kinachojulikana unapata namba ambayo mnunuzi popote duniani ataielewa. Bila namba hiyo huna bidhaa, una maji ya kahawia ndani ya chupa. Hapa ndipo kazi nyingi za kwetu zinapokwama: tunaeleza kwamba kuvu iliota vizuri, hatusemi nguvu yake ni ngapi wala ilipungua kwa kiasi gani baada ya kukaa mwezi mmoja kwenye rafu.

Kuhusu soko, anza na aliye jirani. Viwanda vya nguo vya Athi River hushona jinzi, na tangu miaka ya 1980 jinzi duniani hulainishwa na kufifishwa kwa selulasi badala ya kuzungushwa na mawe pekee. Watengenezaji wa vyakula vya kuku hutumia zailanasi, inayokata hemiselulosi, na faitasi, inayoachilia fosforasi iliyofungwa ndani ya nafaka. Wasindikaji wa juisi hutumia pektinasi kuifanya iwe nyepesi na angavu, na Muheza, karibu na kwangu, kuna machungwa ambayo maganda yake yenyewe yanaweza kuwa chakula cha kuvu ya Aspergillus niger inayotoa pektinasi hiyo. Kimeng'enya cha viwandani hakihitaji usafi wa dawa. Kinahitaji nguvu isiyobadilikabadilika kutoka shehena moja hadi nyingine, na hilo ni suala la nidhamu ya karakana kuliko mtaji.

---

Nyaraka za Kale

Mkuu, sipingi, ila naona unaikatia tamaa nishati mapema mno. Katika mkoa wako wa Tanga, pale Hale, mkonge ulizalisha umeme kwa biogesi. Hiyo si nishati ya mabaki?

---

Mwanakemia wa Tanga

Ni nishati ya mabaki, na ni mfano ninaouheshimu. Katika jani la mkonge ni takriban asilimia nne tu inayokuwa singa, yaani nyuzi. Kilichobaki ni makapi na maji yanayotiririka kutoka kwenye korona, ambayo yakiachwa huchafua mito. Profesa Amelia Kivaisi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumia miaka mingi kuchunguza namna ya kuyageuza biogesi, na hata mwaka 1995 walichapisha kazi juu ya kutumia vijidudu vya tumbo la ng'ombe kuvunja makapi ya miwa na pumba za mahindi. Lakini angalia kwa nini biogesi iliwezekana: malighafi iko mlangoni, ina maji mengi tayari, na vijidudu vyenyewe hutengeneza vimeng'enya vyao ndani ya tangi bila mtu kuvinunua. Hakuna kupika kwa mvuke, hakuna kukamua ethanoli kutoka maji. Palipo na makapi mabichi yaliyorundikana mahali pamoja, biogesi itaishinda ethanoli, na ningefurahi kuona kila korona ina tangi lake.

Hata hivyo vimeng'enya vinaweza kuisaidia kazi hiyohiyo. Makapi yakianza kulainishwa na kuvu kabla ya kuingia tangini, sehemu ngumu huvunjika haraka zaidi. Mtu anayejua kutengeneza selulasi ghafi Tanga leo anaweza kumuuzia mwenye tangi la biogesi, na akiwa hapo ndipo atakapokuwa na haki ya kuzungumzia sukari ya mafuta, kwa kuwa zile kilo 7 za vimeng'enya kwa kila tani ya mabua hazitamshtua tena.

---

Mfugaji wa Mbarali

Swali la mwisho upande wangu. Kuvu juu ya magunzi na pumba, kisha unasema yaende kwenye chakula cha kuku. Sisi tumeambiwa tuogope kuvu ya mahindi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara.

---

Mwanakemia wa Tanga

Swali lako ndilo lililopaswa kuwa la kwanza. Sumu iliyoua watu mwaka 2016, na iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, ni sumukuvu inayotolewa hasa na Aspergillus flavus, na kuvu hiyo hupenda vilevile magunzi na pumba zilizohifadhiwa penye unyevu. Trichoderma reesei haitoi sumu hiyo, lakini kama malighafi yako ilikuwa na sumu kabla, kufukiza kutaiua kuvu na kuiacha sumu, kwa sababu joto la otoklevu haliimalizi.

Kwa hiyo nasema bila kulegeza: mtu asiyeweza kupima sumukuvu katika malighafi na katika bidhaa asiguse chakula cha mifugo wala cha watu. Aanze na jinzi, ngozi, au tangi la biogesi. Anayetaka kwenda kwenye vyakula apeleke sampuli maabara inayotambulika, aende TBS (Shirika la Viwango Tanzania) mapema, na anunue mbegu ya kuvu kutoka hazina ya vijidudu inayotoa cheti, badala ya kuokota ukungu wowote wa kijani aliouona kwenye gunzi lililooza. Magunzi yachukuliwe yakiwa makavu, siku za kupukuchua, yawekwe juu ya chaga na si sakafuni. Ndugu wa Mwea, kama chuo chenu kina kifaa cha kupimia sumukuvu, anza kwa kupima pumba za mashine tatu au nne za jirani yako kabla hujaotesha chochote, ulete majibu hapa.